Amri ya Saba Haiishii Tunduma



Katika Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya ishirini na mbili, imo sheria ndogo ambayo wengi wetu twaipita upesi tusomapo. Musa awafundisha Waisraeli ya kwamba mtu akikuta njiani kiota cha ndege, na mama yuko juu ya makinda au mayai, aweza kujitwalia makinda, lakini mama hana budi kumwacha aende zake. Na sheria hiyo ndogo imetiwa ahadi kubwa, ahadi ya heri na ya maisha marefu, sawasawa na ile iliyotiwa katika amri ya kuwaheshimu baba na mama. Mwenyezi Mungu hakumkataza mwenye njaa asile. Alimkataza asile hata akamaliza.

Leo twapenda kuifikiri sheria hiyo pamoja nanyi, kwa ajili ya jambo linalotendeka katika milima yetu ya Nyanda za Juu za Kusini. Jambo hilo laanzia udongoni kwetu na kuishia chunguni kwa jirani zetu wa Zambia. Kwa hiyo haliwezi kutengenezwa na upande mmoja tu, wala na Serikali peke yake.

Atokaye mjini Mbeya kwenda Zambia hupita Iyunga. Hapo barabara kuu hujaa malori mchana na usiku, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, haiko mbali. Akiendelea mbele kilometa mia moja na kitu, afika Tunduma. Na ng'ambo ya mstari wa mpaka ni Nakonde, mji wa Zambia. Watu wa pande hizi mbili si wageni wao kwa wao. Wanyamwanga wako huku na huko. Huoana, huzikana, huuziana nafaka. Tangu zamani njia hiyo imeleta riziki katika nyumba nyingi, nasi twamshukuru Mungu kwayo. Lakini njia ile ile ipitishayo riziki yaweza kupitisha hasara, tena bila kelele, ndani ya gunia.

Sasa tupande milimani. Upande wa kusini-mashariki wa Mbeya, kuelekea Makete, uko uwanda wa juu uitwao Kitulo, wenye kimo cha meta 2,600 hivi juu ya bahari. Baridi yake ni kali. Tangu Novemba hata Aprili, mvua inyeshapo, nyasi zote hupambwa kwa maua ya kila rangi, hata watu wakapaita mahali hapo Bustani ya Mungu. Wataalamu wamehesabu huko aina 350 hivi za mimea, na katika hizo aina 45 ni okidi zinazoota ardhini. Mwaka 2005 Kitulo iliwekwa rasmi kuwa Hifadhi ya Taifa, yenye eneo la kilometa za mraba zipatazo 413. Nayo ni hifadhi ya taifa ya kwanza katika Afrika ya nchi za joto kuwekwa hasa kwa ajili ya mimea yake. Karibu na hapo, katika misitu ya Mlima Rungwe, ndiko wataalamu walikomtambua mwaka 2003 kima aitwaye kipunji, ambaye vitabu vya elimu vilikuwa havijamwandika, ingawa wenyeji walikuwa wamekwisha kumpa jina. Na katika nyanda hizo hutaga mbayuwayu wa rangi ya buluu, ndege adimu, ambaye majira yakigeuka huruka hata Uganda na magharibi ya Kenya, wala hakuna amwulizaye pasi mpakani.

Tuitazame okidi yenyewe, maana katika maumbile yake limo fundisho. Okidi ya ardhini hujificha chini ya udongo wakati wa kiangazi. Ina viazi viwili vidogo, kama ndugu wawili. Kimoja ni cha mwaka uliopita, nacho huulisha mche na ua la mwaka huu mpaka kisinyae. Cha pili ni kipya, kigumu, chenye akiba ya mwaka ujao. Mchimbaji hana haja na kile kilichosinyaa. Atwaa kile kigumu. Kwa hiyo akitwaa kiazi kimoja tu, amekwisha kuua mmea mzima, kama mkulima alaye mbegu yake. Wala si rahisi kupanda mwingine mahali pake. Mbegu ya okidi ni ndogo kama vumbi, haina chakula ndani yake, wala haioti isipokutana udongoni na kuvu ya namna yake ya kuilisha. Kisha hupita miaka kadhaa kabla ua la kwanza halijaonekana. Yule mama wa ndege ambaye Torati yaamuru aachwe, huku kwetu ndiye kile kiazi kipya.

Viazi hivyo vina soko. Nchini Zambia, hasa kwa Wabemba na watu wengine wa kaskazini, kiko chakula cha tangu zamani kiitwacho chikanda. Viazi vya okidi hukaushwa, hutwangwa kuwa unga, huchanganywa na unga wa karanga, pilipili na magadi, kisha hupikwa hata vikashikamana kama mkate mzito wa kukatwa vipande. Hatuna neno juu ya chakula hicho. Kila kabila lina chungu chake, na aliyekulia katika nyumba ya mama yake hawezi kulaumiwa kwa kupenda alicholishwa. Zamani chikanda ililiwa kwa kiasi, viazi vikichimbwa karibu na nyumbani. Lakini watu walipoongezeka mijini, na chakula cha vijijini kikawa cha masoko na mikahawa ya Lusaka na miji ya Ukanda wa Shaba, mabonde ya Zambia yenyewe yaliishiwa. Ndipo wafanyabiashara walipovuka mipaka kutafuta penye maua bado, nao wakafika kwetu.

Mwaka 2003 wataalamu wawili, Tim Davenport na Henry Ndangalasi, walichapisha uchunguzi wao juu ya biashara hii. Walikadiria ya kwamba kila mwaka viazi vya okidi kati ya milioni 2.2 na milioni 4.1 vilitoka Nyanda za Juu za Kusini kwenda Zambia. Msomaji na asimame kidogo hapo. Kila kiazi katika hesabu hiyo ni mmea uliokufa. Kuwekwa kwa Hifadhi miaka miwili baadaye kulikuwa jambo jema, lakini hakukuikomesha biashara yenyewe. Wachunguzi wengine walioitazama zaidi ya miaka kumi baada ya hapo waliikuta ingali hai pande zote mbili za mpaka.

Wala si kwamba hakuna sheria. Upo mkataba wa mataifa juu ya biashara ya wanyama na mimea ya porini, ujulikanao kwa jina la CITES, uliotiwa sahihi mjini Washington mwaka 1973. Tanzania ilijiunga nao mwaka 1979, na Zambia mwaka 1980. Jamii yote ya okidi imo katika mkataba huo, na mtu haruhusiwi kuvusha mpakani okidi za porini pasipo kibali. Sheria, basi, iko huku na huko. Kinachopungua ni dhamiri.

Tukiuliza kosa hili ni la nani, tutasikia majibu ambayo tumekwisha kuyasikia katika bustani nyingine. Adamu alimnyoshea kidole Eva, na Eva akamnyoshea nyoka. Vivyo hivyo mchimbaji asema: Mimi nimetumwa na mnunuzi. Mnunuzi asema: Mimi napeleka kile ambacho watu wa mjini wanataka. Mwenye gari asema: Mimi nabeba mzigo tu, siufungui. Mlinzi wa mpaka asema: Gunia moja si kitu. Na mlaji, akiwa mbali kabisa na mlima, hana habari, wala hakuuliza. Wote watano wamegawana tendo moja, na kila mmoja adhani fungu lake ni dogo mno kupelekwa katika kitubio.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, ifundishapo juu ya amri ya saba haisemi habari za mfuko wa jirani tu. Yafundisha ya kwamba amri hiyo yatudai tuheshimu viumbe, yaani wanyama, mimea na vitu visivyo na uhai, kwa kuwa Mungu aliviweka kwa faida ya wanadamu wote, waliokuwako, waliopo na watakaokuja. Kwa hiyo amalizaye maua ya mlima ameiba, hata kama mlima hauna mwenyewe wa kupiga kelele. Amewaibia watoto ambao hawajazaliwa, nao hawana njia ya kumshitaki. Na amri ya Mungu haina forodha. Lililo wizi Makete haligeuki kuwa biashara halali kwa sababu limevuka Tunduma.

Hata hivyo, tusiwe wepesi wa kuokota mawe. Twajua ya kwamba katika nyumba nyingi za milimani mama hupanda kuchimba kwa kuwa ada ya shule imefika na fedha haipo. Hupanda alfajiri katika ukungu, huinama mchana kutwa, na jioni huuza kwa kipimo asichokiweka yeye. Kama ilivyo katika biashara nyingi za namna hii, aliyefanya kazi ngumu kuliko wote ndiye apataye fungu dogo kuliko wote. Wako pia wanaonung'unika ya kwamba wakubwa hulinda maua kuliko watu, na kwamba mahali walipolisha mifugo baba zao leo pamewekwa mlinzi. Manung'uniko hayo yastahili kusikilizwa kwa heshima. Papa Fransisko, aliyefariki mwaka 2025, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alitufundisha tusitenge kilio cha dunia na kilio cha maskini, maana ni kilio kimoja. Mlinzi mwenye bunduki aweza kumfukuza mama yule, lakini hawezi kumlipia mtoto wake ada. Akifukuzwa leo pasipo kupewa njia nyingine, kesho atachimba mlima mwingine usio na mlinzi.

Lakini ni kweli pia ya kwamba riziki itokayo katika kuua mbegu si riziki ya kudumu, na maskini ndiye atakayekuwa wa kwanza kuumia. Jirani zetu wa Zambia wanalijua jambo hilo, kwa kuwa mabonde yao yalitangulia kuishiwa. Wazee wao waweza kutuambia jinsi inavyokuwa mahali palipokuwa na maua pakabaki nyasi tupu. Basi Zambia si mshitakiwa wetu. Ni ndugu aliyetutangulia njiani, akaanguka, nasi twaenda kwa miguu yetu wenyewe kuelekea shimo lile lile.

Ndiyo sababu twasema ya kwamba dawa ya jambo hili lazima ichemshwe na pande mbili. Tukilinda mlima wetu peke yetu, na hamu ya soko ikabaki ile ile, bei itapanda tu, na bei ikipanda atapatikana wa kujaribu. Na Zambia ikikaza sheria peke yake, magunia yatatafuta njia za panya. Mlango wenye mabawa mawili haufungwi kwa kusukuma bawa moja.

Wako watakaosema kwamba mataifa hayawezi kukaa kitako kwa ajili ya maua. Na watazame mbali kidogo, huko Asia ya kati, katika milima ya Himalaya na jirani zake. Huko yuko chui wa theluji, mwenye manyoya ya kijivu, aishiye juu sana penye barafu, ambaye ametawanyika katika nchi 12. Mwezi wa Oktoba mwaka 2013 wajumbe wa nchi hizo zote walikutana katika mji wa Bishkek, nchini Kirgizia, wakatoa tamko la kumlinda pamoja na milima yake, kwa kuwa mnyama huyo hajui mipaka, na mwenye kumwua hukimbilia ng'ambo. Katika nchi hizo 12 zimo India, Pakistan na China, ambazo zimepata kupigana vita kwa sababu ya mipaka ya milima hiyo hiyo. Ikiwa wao waliweza kuketi meza moja kwa ajili ya chui, sisi na Zambia, ambao hatujapigana hata siku moja, tutashindwaje?

Wala hatuna haja ya kwenda Asia kutafuta mfano. Mto Songwe, ulio mpaka wetu na Malawi, ulizoea kuhama njia yake wakati wa mafuriko, hata mkulima akajikuta shamba lake liko nchi nyingine naye hajasogea. Mwaka 2017 Tanzania na Malawi zilitia sahihi mkataba wa kuunda kamisheni ya pamoja ya bonde la mto huo. Na huko Tunduma na Nakonde penyewe, mwaka 2019, Marais wa Tanzania na Zambia walifungua kituo cha pamoja cha mpakani, ili msafiri na mizigo yake wakaguliwe mara moja badala ya mara mbili. Ikiwa maofisa wa nchi mbili waweza kukaa chini ya paa moja kwa ajili ya ushuru, hawashindwi kutafuta pamoja gunia la viazi vya okidi.

Na Kanisa je? Sisi Wakatoliki ndio tusio na udhuru kuliko wote. Tangu mwaka 1961 Maaskofu wa Tanzania, Zambia, Malawi, Kenya na Uganda wamekuwa katika umoja mmoja, uitwao AMECEA leo, na baadaye nchi nyingine zikajiunga. Misa isomwayo Tunduma ndiyo isomwayo Nakonde. Sala ya Baba Yetu yasaliwa kwa Kiswahili huku na kwa Kibemba kule, naye asikilizaye ni Baba mmoja. Basi Mapadre wa parokia za mpakani wana nafasi ambayo hata mabalozi hawana. Waweza kuhubiri Dominika moja, pande zote mbili, juu ya neno moja. Wanawake Wakatoliki wa Zambia, ambao mikono yao ndiyo ipikayo chikanda, wakiamua kuuliza viazi vimetoka wapi, watafanya kazi ambayo askari mia hawaiwezi.

Twaomba kila mmoja alichukue fungu lake nyumbani. Wazazi wa Makete, Rungwe, Mbeya, Njombe na Iringa, wafundisheni watoto habari za viazi viwili vya okidi, wala msiwatume kuchimba. Madereva na wenye magari mpitao Iyunga kila siku, ulizeni kilichomo ndani ya gunia kabla ya kulipakia. Kutojua kwa makusudi hakumwondolei mtu hatia. Watumishi wa Serikali mpakani, kumbukeni ya kwamba rushwa ndogo ya gunia dogo ni rushwa. Nanyi wa Jumuiya Ndogo Ndogo, mkijua nyumba ambayo mama huchimba kwa ajili ya ada, msimpelekee lawama kabla hamjampelekea msaada. Mchango wa Kwaresima waweza kuwa mbegu ya viazi mviringo, ambavyo hustawi sana katika baridi ile, au mzinga wa nyuki, ambao hautaki maua yang'olewe bali yaachwe. Huko ndiko kulipiza dhambi ya pamoja kwa tendo la pamoja.

Ninyi mlio mbali na milima, huko Mwanza, Tanga au Tabora, msidhani ya kwamba neno hili haliwahusu. Mvuvi wa ziwani ajua jinsi nyavu za macho madogo zinavyovua makinda ya samaki pamoja na kesho yake. Mchoma mkaa ajua ni msitu upi umekwisha. Na maji ya ziwa, kama mbayuwayu yule wa Kitulo, hayaulizi mpaka. Kila mahali pana mama wa ndege wa kumwacha aende zake.

Bwana wetu Yesu Kristu, alipotaka kuwafundisha wafuasi wake wasisumbuke kwa ajili ya chakula na mavazi, hakuwaonyesha ghala wala hazina. Aliwaonyesha maua ya kondeni, yasiyofanya kazi wala kusokota, akasema ya kwamba hata mfalme Sulemani katika fahari yake hakuvikwa vizuri hivyo. Maua yale yalikuwa kitabu mikononi mwa Mwalimu. Mungu ametupa na sisi kitabu cha namna hiyo, juu huko Kitulo, nacho hufunguliwa kila mwaka mvua inyeshapo. Tukiuza kurasa zake moja moja kwa kilo, mtoto wetu mwenye mashaka juu ya kesho tutampeleka wapi akajifunze tumaini?

Mwaka 1979 Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mtakatifu Fransisko wa Asizi kuwa msimamizi wa wote wanaotunza viumbe. Tumwombe atusaidie sisi na ndugu zetu wa ng'ambo ya mpaka, ili tujue kula bila kumaliza, na kuuza bila kuiba. Na ili wale wanaochimba kwa sababu ya umaskini waonekane kwetu kuwa ndugu wa kusaidiwa, kabla ya kuwa wakosefu wa kuadhibiwa.

Mtakatifu Fransisko wa Asizi, utuombee.